Land Rover kuzima mlimani: kabla hujanunua pampu ya umeme, hesabu lita zilizomo tangini

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili nikajiona mimi mwenyewe. Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu ana Series III fupi, inchi 88, ya mwaka 1979, injini ya petroli, kabureta ya Zenith. Anatoka nayo Mombo kupandisha Lushoto. Mwanzo gari linavuta vizuri, akikaribia Soni linaanza kukohoa, linalegea, linazima. Akisubiri robo saa linawaka, linakwenda mita mia chache, linazima tena. Ameshabadilisha kabureta, koili na filta. Sasa fundi anataka kutoa pampu ya injini afunge ya umeme, na mwenzetu anauliza anunue ya aina gani.

Usinunue bado. Ugonjwa huu ulinilia pesa miezi saba, na ulikuwa umejificha sehemu ambayo hakuna fundi hata mmoja aliyeigusa.

Yangu ni 88 pia, ya 1976, niliirithi kwa mzee. Mzee aliinunua mnadani mradi mmoja ulipofungwa, akaitumia mpaka macho yakamsumbua, kisha ikakaa chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, Morogoro, miaka kumi na kitu, tangi likiwa na mafuta kiasi. Hayo mafuta kiasi yakumbuke, nitayarudia.

Nilipoifufua nilifanya vile kila mtu anavyofanya. Breki mpya, tairi, betri, mafuta ya zamani yakamwagwa (yalikuwa yananuka kama vanishi), tangi likasuuzwa mara tatu, kabureta ikafunguliwa na kupulizwa. Ikawaka. Nikazunguka nayo mjini wiki tatu, sokoni, kanisani, shambani Kihonda, bila tatizo lolote. Nikaanza kujiona fundi. Nikamwambia shemeji yangu, twende zetu Iringa.

Tulijaza tangi Mikumi, maana geji za mafuta za magari haya siziamini hata zikisema kweli. Ruaha Mbuyuni tukafika saa nane mchana, joto lile mnalijua, tukasimama kununua vitunguu, tukaanza kupanda mlima Kitonga nyuma ya lori lililokuwa linatambaa. Gia ya pili, mguu chini. Kwenye kona mojawapo injini ikaanza kulegea. Sikiliza neno hilo, kulegea. Haikukata. Ilikuwa kama kandili inayoishiwa mafuta ya taa: inafifia, inajikaza kidogo, inafifia tena, inakufa. Shemeji akaruka na jiwe kuweka nyuma ya tairi.

Tandiboi wa lori jingine akapiga kelele kutoka juu: "Mafuta yanachemka hayo! Fungeni kitambaa cha maji!" Tukafunga kitambaa kwenye pampu, tukakimwagia maji yetu ya kunywa. Ikawaka. Mita mia tatu, ikafa. Tukamwagia tena. Ikawaka, ikafa. Mara ya tatu shemeji akasema, hebu mimina na lile dumu la akiba, huenda geji inatudanganya. Lita kumi. Nikamimina, tukalowesha kitambaa kwa mara ya mwisho, tukapanda Kitonga mpaka juu na kufika Iringa mjini bila kukohoa hata mara moja.

Hapo ndipo nilipopotea, mkuu. Tulifanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na sifa zote nikakipa kitambaa.

Fundi wa kwanza alifungua kabureta, akabadilisha gasketi, akasema uchafu. Gari likawa zima. Baada ya wiki likazima mbele kidogo ya Chalinze. Fundi wa pili akabadilisha daiframu ya pampu. Gari likawa zima. Likaja kuzima njia ya Dodoma, kabla ya Gairo. Wa tatu akasema hiyo siyo mafuta kabisa, ni moto, yaani cheche za plagi. Akaweka platini, kondensa na koili mpya. Gari likawa zima. Mnaona mchezo unavyokwenda? Kila fundi alinitibu, kila fundi nilimlipa, na kila mmoja nilimsifia kwa watu siku nne tano. Wala hawakuwa matapeli. Daiframu ile ilikuwa imechoka kweli, na platini zilikuwa zimeungua kweli. Lakini ukitoka gereji na unataka kujaribu gari lako njiani, kwanza unapitia wapi? Sheli. Unajaza tangi.

Aliyeng'amua ni shemeji, na yeye ni mhasibu, hajui spana namba kumi na tatu inafananaje. Ana tabia ya kuandika kila kitu. Kwenye daftari lake la mafuta alikuwa ameandika kila tulipojaza na kila tulipozimikiwa: kilomita 94, kilomita 101, kilomita 88. Akaniuliza, "Shem, hili gari linaumwa mlima au linaumwa hesabu?" Maana Chalinze hakuna mlima. Gari hili linakula lita moja kwa kilomita kama sita. Gawanya: kila mara lilikuwa limetumia lita 15 mpaka 17 tangu tujaze. Tangi la 88 linabeba takriban lita 45. Kwa hiyo lilikuwa linazima mafuta yakifika karibu lita 29, theluthi mbili ya tangi, nikikanyaga kwa nguvu na kwa muda. Joto halikuwa na maana, mlima ulikuwa na maana kidogo tu, na saa haikuwa na maana yoyote.

Nikakumbuka dumu la Kitonga.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka na wewe ukifanye, na hakikugharimu hata bei ya chakula cha mchana. Nilikwenda kwa fundi ujenzi jirani nikaomba nusu mita ya mpira wa levo, ule mweupe wanaotia maji kupimia usawa wa msingi. Nikafungua paipu inayotoka kwenye tangi pale inapoingia kwenye pampu, nikaunganisha kipande cha mpira ule katikati, klipu huku na huku, nikakiweka mbali na manifoldi ya ekzosi. Sasa unaona mafuta yakipita. Tangi likiwa limejaa, niliwasha, nikapandisha moto, yaani nikakanyaga injini izunguke kasi: mafuta yamejaa mpira mzima, yametulia, kama hakuna kinachopita. Nikazima, nikasubiri injini ipoe, nikanyonya mafuta kutoka tangini mpaka nikakadiria zimebaki lita 25. Nikawasha. Injini ikiwa sailensa, bila kukanyaga mafuta, mapovu madogo yalikuwa yanapita mojamoja. Nikapandisha moto nikaushikilia: mapovu yakafuatana kama mabehewa ya treni, mpaka kukawa na vipande virefu vya hewa tupu, na injini ikaanza ule mlio wa kandili. Nikazima, nikasubiri, nikarudisha lita 15 tangini. Nikawasha. Dakika moja haikuisha, mapovu yakakata yote.

Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga.

Kwenye 88 tangi liko chini ya kiti cha dereva. Ukiondoa mto wa kiti na kile kifuniko cha bati unakuta mgongo wa tangi, na hapo juu ndipo bomba la kunyonyea linapoingilia, linashuka mpaka karibu na sakafu ya tangi likiwa na chujio la wavu mwishoni. Nililifungua, nikalichomoa, nikaliziba chini kwa kidole, nikalizamisha kwenye beseni la maji na kupuliza kwa mdomo. Povu moja likatoka ubavuni, theluthi moja kutoka juu. Tundu lenyewe halizidi la sindano ya kushonea nguo. Na pale lilipo, bomba lina pete ya kutu inayolizunguka, kama alama inayobaki kwenye sufuria iliyokaa na maji ya chumvi. Ni usawa ule ule mafuta ya mzee yalipokuwa yamesimama miaka yote chini ya mwarobaini. Chini ya pete bomba limehifadhiwa na petroli. Juu yake kuna kutu ya kawaida. Penye mpaka wa mafuta na hewa yenye unyevu ndipo lilipoliwa.

Umewahi kunywa soda kwa mrija uliopasuka? Tundu likiwa ndani ya soda, unakunywa kama kawaida. Soda ikishuka chini ya tundu unaanza kuvuta hewa. Ukinyonya polepole, soda kidogo inapanda. Ukinyonya kwa pupa unapata upepo. Ndiyo sababu mjini halikusumbua ingawa nilikuwa nanunua lita kumi kumi na tangi halikuwahi kupita nusu: injini ya mjini inakunywa kidogo, pampu inaleta mafuta na hewa, na mafuta yanatosha. Kitonga, gia ya pili na mguu chini, injini ile ya sentimita za ujazo 2,286 inaweza kudai theluthi ya lita kila dakika. Pampu inaleta nusu yake. Kikombe cha kabureta, kile kinachotunza mafuta ya kutumika, kinaisha taratibu, gari linalegea, linazima. Ukisimama robo saa na kupiga stata kidogo, kikombe kinajaa tena, unapata mita mia tatu zako. Wala hapakuwa na kitu kilichopoa.

Ubaya wa hitilafu ya upande huu ni kwamba haionekani. Kutoka pampu kwenda kabureta mafuta yanasukumwa. Pakitoboka, utaona unyevu, utasikia harufu. Kutoka tangi kwenda pampu yananyonywa. Pakitoboka, hewa inaingia na hakuna tone linalotoka. Unaweza kulala chini ya gari na tochi mchana kutwa, paipu ni kavu na safi, na bado hapo ndipo penye ugonjwa.

Sasa tuje kwako.

Kwanza uwe na hakika ni mafuta na si moto. Koili au kondensa inayokufa kwa joto nayo hutoa dalili ya "likipoa linawaka", na wengi wamechanganyikiwa hapo. Tofauti ni namna linavyozima. Moto ukikatika, gari linakata ghafla kama umezima swichi, au linamisi kwa ukali likirusha mlipuko nyuma. Mafuta yakikatika, linalegea. Wewe mwenyewe umeandika "linalegea", ndiyo maana nimekuwa na ujasiri wa kuandika yote haya. Jaribio ni hili: likianza kulegea, vuta choki kidogo ukiwa bado unakwenda. Likipata nafuu, hata ya sekunde chache, lilikuwa na njaa ya petroli. Likizidi kuwa baya na kutoa moshi mweusi, basi mafuta ni mengi, si machache. Hilo unaweza kulikuta huko juu Lushoto kwa sababu hewa ni nyepesi, lakini haliko hivi.

La pili, likishazima tu, kabla hujapiga stata, toa kiwiko cha hewa juu ya kabureta, chungulia kooni na tochi (ya betri, wakuu, si kiberiti, na aliye na sigara asogee mbali), halafu sukuma fimbo ya mafuta kwa mkono. Zenith ina kijipampu chake cha kuharakishia; kikombe kikiwa na mafuta utaona kimruko kinarushwa kooni. Ukisukuma mara tatu pakavu, kikombe ni kitupu, na kabureta haina kosa. Sekunde kumi tu, na utakuwa umeokoa bei ya kabureta. Samahani, najua umeshanunua. Na hizi za kuigiza zinazouzwa sasa, tunza ile ya zamani. Mara nyingi mwili wake ni mzima, ni uso wa juu umepinda tu. Unausugua kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo mpaka unyooke, unaweka kipira kipya na gasketi, inarudi kazini.

La tatu ndilo swali ambalo hakuna aliyekuuliza hapa: likizima karibu na Soni, tangini huwa mna lita ngapi? Ulijaza wapi mara ya mwisho? Anza kuandika. Kama linazima usawa uleule wa mafuta, umeshamaliza utafiti, nenda kwenye bomba la tangi. Kama linazima baada ya muda uleule bila kujali mafuta, angalia kifuniko cha tangi. Lazima kiwe na kitundu cha kupumulia. Wengi wameibiwa vifuniko vya asili wakaweka vya magari mengine visivyopumua, au kitundu kimezibwa na vumbi na rangi. Pampu inanyonya, hewa haiingii, tangi linajikaza mpaka mafuta yanagoma kutoka. Siku likizima, usiguse kitu kingine, fungua kifuniko usikilize. Ukisikia fyuuu ndefu ya hewa inayoingia, na gari likawaka na kwenda, ugonjwa umeupata kwa bei ya kifuniko. Robo saa yako ya kusubiri inaweza kuwa ndiyo hiyo, hewa inapenya polepole. Kwa hiyo kati ya bomba na kifuniko sijui utaangukia wapi, lakini nina hakika utaangukia upande wa kunyonya.

Kisha fanya lile la mpira wa levo. Ni la kupimia tu, usisafiri nalo. Petroli inaukausha ule mpira unakuwa mgumu kama mfupa na unapasuka. Ukiona mapovu na tangi limejaa, basi tundu si la bomba la tangini bali ni mbele yake: vipande vya mpira vyenye nyufa, nati ya paipu iliyolegea, au kile kikombe cha kioo cha kuchujia kwenye pampu. Gasketi ya kikombe kile ikikauka inanyonya hewa ajabu. Watu wanakiosha, wanakirudisha na gasketi ileile iliyosinyaa, wanakaza waya kwa mkono mmoja, basi. Na ukikifungua, mimina kilichomo kwenye gilasi ukiangalie juani: maji hukaa chini ya petroli, yanateleza kama zebaki, na kutu huzama chini kabisa.

Pampu yenyewe unaipima kwa mkono. Ina kijiwenzo cha kupampia upande wake. Injini ikiwa ya baridi, waya wa koili umetolewa, fungua paipu pale kwenye kabureta uielekeze kwenye chupa, kisha pampu kwa mkono. Kila ukivuta upate mruko mnene. Kijiwenzo kikiwa kinacheza tu bila uzito, usiilaani pampu: huenda kamshafti imesimama ikiwa imeisukuma, zungusha injini kidogo ujaribu tena. Chomoa na dipstiki unuse. Oili ikinuka petroli, daiframu imetoboka, na hapo acha kuendesha kabisa, oili iliyochanganyika na petroli inaua beringi.

Kuna jaribio la kidumu ambalo mafundi wanalipenda, la kunyonyesha pampu kutoka kwenye kidumu badala ya tangi. Mimi na shemeji tuliwahi kukifunga kidumu juu ya boneti katikati ya tairi la spea, tukaendesha. Msituige. Kwanza ni bomu juu ya injini. Pili linadanganya, maana mafuta yanateremka yenyewe hata pampu ikiwa mgonjwa. Ukitaka kulifanya, gari limesimama, kidumu kiko chini ya usawa wa pampu, pembeni kabisa ya gari, mtu mmoja anakilinda.

Kuhusu mafuta kuchemka: lipo, silikatai. Petroli sehemu yake nyepesi huanza kugeuka mvuke kwenye joto la nyuzi 40 hivi, na paipu iliyopita karibu na ekzosi inafika huko bila shida. Angalia kama yako haijasogezwa na mtu. Ila Mombo hadi Soni kila hatua unaelekea kwenye ubaridi, na Land Rover hizi zimepanda barabara hiyo miaka na miaka bila vitambaa. Aliyesema hapo juu kwamba mafuta yamechakachuliwa, hilo nalo sidhani. Tangu EWURA, wadhibiti wa nishati, waanze kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) mwaka 2010 mchezo huo ulipungua, na petroli yenye mafuta ya taa ingekusumbua tangu kuwasha asubuhi: kugonga, moshi, uzito. Isingekuvumilia mpaka Soni.

Sasa hiyo pampu ya umeme. Ukiifunga kabla hujajua hewa inaingilia wapi, itanyonya hewa ileile kwa haraka zaidi. Ukiletewa ile ya magari ya sindano (yasiyo na kabureta), ya shinikizo la psi 40 na kuendelea, ndiyo balaa: pampu ya injini yako inasukuma kama psi 2, na sindano ya kikombe cha Zenith imetengenezwa kwa nguvu hiyo, itasukumwa wazi, petroli itafurika kooni na juu ya manifoldi ya moto. Tena ya umeme inaendelea kusukuma hata injini imezima, labda uweke swichi ya kuikata. Nimeona Land Rover mbili zenye pampu za umeme zinazofanya kazi vizuri, zote za shinikizo dogo, na zote zilifungwa na watu waliokuwa wameshatengeneza mfumo wao mzima kwanza.

Bomba langu nililitengeneza hivi. Nilikwenda kwa fundi wa mafriji nikanunua paipu ya shaba ya unene uleule, nusu mita inatosha na kubaki. Tukakata lile la kutu karibu na kichwa chake, tukachomelea shaba, tukakata mwisho kwa mshazari ili lisije likajifunga kwenye sakafu ya tangi, tukarudisha chujio, gasketi mpya. Kuchomelea kote kulifanyika mezani, bomba likiwa limetolewa na tangi liko barabara ya pili. Narudia kwa sababu kuna mtu atasoma haraka: usimruhusu mtu yeyote alete moto kwenye tangi la petroli, hata akikuapia ni tupu, hata likioshwa na sabuni. Tangi tupu lenye mvuke ni baya kuliko lililojaa.

Tangu hapo nimekwenda Iringa mara sita na Dodoma sijui mara ngapi. Kitonga napanda na tangi likiwa robo, kwa makusudi, shemeji akiwa pembeni na daftari lake.

Fanya jaribio la kifuniko Jumamosi hii ukipanda, ni la bure. Kama hakuna fyuuu, nyonya tangi mpaka nusu uweke mpira wa levo. Ukirudi hapa tuandikie lita zilizokuwa tangini lilipozima, na kama mapovu yalikuwepo tangi likiwa limejaa au baada ya kupungua. Na chupa ya pili ya mafuta ya breki usiisahau, uliandika pedali inashuka kidogo. Ile barabara ya Soni kuteremka si ya kuchezea.